Nyumba Yako, Ardhi ya Mwingine

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Juma hili nataka tuzungumze juu ya moto. Sina maana ya moto wa majukwaani, maana huo mnausikia kila siku. Nasema moto wenyewe, unaochoma nyumba za watu. Na zaidi ya moto, nataka tuzungumze juu ya asubuhi inayofuata, majivu yakiwa bado yanafuka, anapofika bwana mmoja mwenye kalamu na daftari na kuuliza: "Mwenye nyumba ni nani?"

Swali hilo niliwahi kulisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba 6, na usiku mmoja jiko la mafuta ya taa la jirani yetu liliripuka. Kulipokucha hakuna aliyekuwa na zaidi ya nguo alizovaa. Bwana wa daftari alipouliza swali lake, alisogea mtu mmoja tu, mzee mwenye nyumba, ambaye wala hakuwa akilala pale. Sisi wapangaji, familia tano na mimi kapera mmoja, tulisimama kando kama watu waliokuja kutazama. Mablanketi tulipewa, sikatai. Lakini katika daftari la nyumba liliandikwa jina moja.

Tangu siku ile, kila nikisoma habari za moto mkubwa popote duniani, jambo la kwanza ninalotafuta ni hili: waliokuwa wakipanga wamekwenda wapi? Aghalabu gazeti halisemi. Leo nimepata mahali ambapo jibu linajulikana, nako ni mbali kidogo, katika jimbo la Oregon, magharibi ya Marekani.

Wengi wetu tukisikia moto wa nyika huko Marekani tunafikiria majumba ya wacheza sinema yaliyojengwa juu ya vilima. Januari 2025, Los Angeles ilipokuwa inaungua, picha nyingi tulizoonyeshwa zilikuwa za namna hiyo. Moto wa Oregon ninaouzungumzia haukuwa na majumba hayo. Ulianza asubuhi ya tarehe 8 Septemba 2020 pembezoni mwa mji wa Ashland. Majani yalikuwa makavu, upepo ulikuwa mkali, na moto ukafuata bonde la kijito kiitwacho Bear Creek, sambamba na barabara kuu, ukapita katika miji miwili midogo, Talent na Phoenix, mpaka ukafika ukingoni mwa mji wa Medford. Yote hayo yalitokea ndani ya siku moja. Eneo lililoungua ni kama ekari 3,200 tu, ambazo kwa hesabu za moto wa huko ni kipande kidogo. Lakini katika kipande hicho ziliteketea nyumba zaidi ya 2,000. Watu watatu walikufa.

Sasa sikilizeni ni nyumba gani. Nyingi zilikuwa katika viwanja vya nyumba za kuhamishika. Viwanja 18 vya namna hiyo viliungua au kuharibiwa, na humo zaidi ya nyumba 1,000 zikageuka majivu na vyuma vilivyopinda.

Hapana budi nieleze nyumba hizo ni kitu gani. Zinaundwa kiwandani, zinavutwa kwa lori na kuwekwa mahali. Mtu wa kipato kidogo anaweza kuinunua, kwani bei yake ni ndogo kuliko nyumba ya kujengwa. Lakini ananunua nyumba tu. Ardhi iliyo chini yake ni ya bwana mwingine, naye analipwa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba inaitwa ya kuhamishika, ila ikishakaa mahali miaka 20 au 30 haihamishiki tena. Kuivuta ni gharama kubwa, na ikiwa kuukuu hakuna kiwanja kingine kitakachoipokea.

Wasikilizaji wa Mombasa nadhani wameshanielewa. Katika mitaa kama Majengo jambo hili ni la zamani: nyumba umejenga wewe, umeiezeka wewe, umezalia watoto humo, na ardhi ni ya mwingine ambaye pengine hujawahi kumwona. Siku nyumba inapoanguka au kuungua, unabaki na nini? Mwenye ardhi anabaki na ardhi yake, safi kabisa, imeshafyekwa na moto. Wewe unabaki na funguo.

Ndivyo ilivyokuwa Talent na Phoenix. Waliokuwa wakiishi katika viwanja vile walikuwa makabwela wa bonde lile: vibarua wa mashamba ya mapeari na mizabibu, wengi wao wenye asili ya Mexico, wafagiaji na wapishi wa mahoteli, na wazee wanaoishi kwa pensheni. Katika wilaya ya shule ya miji hiyo miwili, karibu wanafunzi 4 katika kila 10 walipoteza makazi. Wengi wa watu wazima hawakuwa na bima, na waliokuwa nayo waliona kwamba bima ya nyumba kuukuu ya kiwandani hailipi bei ya kununua mpya.

Msaada wa serikali ya taifa ulikuja kupitia shirika lake la maafa, FEMA. Lakini fedha za shirika hilo hapewi ila raia na baadhi ya wageni wenye vibali maalumu. Familia isiyo na vibali inaweza kuomba kwa jina la mtoto wake aliyezaliwa Marekani, na sheria inaruhusu hivyo. Sasa jiulizeni, mama asiye na karatasi, akiwa hana hata viatu, ataandika anuani yake katika fomu ya serikali ile ile anayojificha nayo? Wapo waliothubutu. Wengine walikwenda kulala kwa ndugu, watu kumi chumba kimoja, au ndani ya magari.

Serikali ya jimbo, kwa upande wake, ilifanya jambo moja la busara. Mwishoni mwa mwaka 2020 ilitenga dola milioni 65 kununua mahoteli na kuyageuza kuwa makazi ya muda, na sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwa walioungua. Badala ya kulipia vyumba kila usiku bila mwisho, jengo linanunuliwa, na mtu anapata pahali pa kuweka kichwa. Lakini chumba cha hoteli hakina jiko la kupikia familia, na miaka inakwenda. Serikali ya taifa nayo iliahidi dola milioni 422 kwa ajili ya kujenga upya baada ya mioto yote ya Oregon ya Septemba ile. Ni fedha nyingi. Kabla hazijaanza kugeuka nyumba, waathirika walikuwa wamekwisha kungoja miaka mitatu hivi. Mwenye shamba la mapeari hawezi kungoja kibarua miaka mitatu, wala kibarua hawezi kungoja nyumba miaka mitatu. Anakwenda zake.

Atauliza mtu: kwa nini wasipewe fedha tu mkononi, kila mmoja akapange anapotaka? Ni swali zuri, na jibu lake tulilipata katika moto mwingine, ule wa Lahaina, kisiwani Maui, katika Hawaii, tarehe 8 Agosti 2023. Ule uliua watu 102 na kuwaacha maelfu bila makazi, wengi wao wapangaji waliokuwa wakifanya kazi katika mahoteli ya watalii. Kisiwa kilikuwa na uhaba wa nyumba tangu zamani, na maelfu ya nyumba zilizokuwapo zilikuwa za kulaza watalii. Serikali ikaingia sokoni na fedha zake kuwapangishia waathirika, kwa bei ambayo mpangaji wa kawaida hawezi hata kuitamka. Kilichofuata kilikuwa cha kutarajiwa. Wapo wenye nyumba waliowaondoa wapangaji wao wa siku zote, ambao hawakuungua, ili wapangishe kwa fedha za maafa. Mtu moto umemkosa, kodi ikampata. Sisemi wenye nyumba wote ni wabaya. Soko liliwaonyesha njia nao wakapita. Nasema kwamba fedha ukizimwaga mahali ambapo nyumba hazipo, hazizai nyumba, zinazaa kodi. Baadaye jimbo la Hawaii lilijenga makazi ya muda 450 katika ardhi yake lenyewe pale Lahaina, yakaitwa Ka Laʻi Ola. Hapo ndipo walau zikaonekana nyumba ambazo hazikuwapo jana.

Tafadhali lishikeni neno hilo, "ardhi yake lenyewe," kisha turudi Oregon.

Pale Talent palikuwa na uwanja mmoja uitwao Talent Mobile Estates. Moto ulichoma karibu nyumba zote, zikasalia chache za kuhesabu kwa vidole. Wakazi wangeweza kutawanyika kama wengine. Lakini baada ya moto kilizaliwa chama cha wenyeji wenye asili ya Amerika ya Kusini na Mexico, Coalición Fortaleza. Chama hicho kikashirikiana na shirika moja lisilo la faida, CASA of Oregon, na fedha za jimbo zikatafutwa, na ardhi yenyewe ikanunuliwa. Yaani hawakuanza na nyumba. Walianza na kile kilichokuwa chini ya nyumba. Mpango ulikuwa kwamba ardhi iwe mali ya ushirika wa wakazi, kodi ya kiwanja ipangwe na mkutano wao wenyewe, na asiwepo bwana wa mbali atakayeamka siku moja na kuuza uwanja kwa mjenzi wa maghorofa.

Najua neno ushirika limechosha masikio ya wengi hapa kwetu. Tumeona vyama vya ushirika vilivyoliwa na panya wa miguu miwili. Hata hivyo, kwa kabwela aliyeungua sijaona njia nyingine iliyomtoa pembeni na kumweka ndani ya daftari. Mkopo ataulipa kweli, na kodi ataitoa kila mwezi kama zamani. Ila safari hii moto ukija, au bei ikipanda, ardhi haitamkana.

Wala msidhani kila kitu kimekwenda sawa. Katika mji wa jirani, Phoenix, uwanja mwingine uliingia mikononi mwa mamlaka ya nyumba ya wilaya, na serikali ya jimbo ikaagiza nyumba 140 za kiwandani kwa ajili ya walioungua. Nyumba zikafika. Watu walizipita njiani wakaziona zimepangwa mistari, nzuri, wakaanza kuchagua kwa macho. Mwaka 2023, kabla hawajakabidhiwa, ikagundulika kwamba zina kasoro kubwa. Maji yamepenya, na ukungu umeota ndani ya kuta. Mtu hawezi kulazwa humo na watoto. Kwa hiyo familia zile, ambazo zilikuwa zimekwisha kukaa hotelini, garini na kwa mashemeji, zikaambiwa zingoje tena.

Juma lijalo, tukijaliwa uzima, tutazungumza juu ya bima, na kwa nini mpangaji hapati. Usiku mwema.