Historia yetu isikae ugenini



Leo tunaongea juu ya jambo moja: nani anachunga historia ya Kisangani?

Tuanze na ngoma. Walokele, watu wa muto wetu huu, walituma habari kwa ngoma ya muti, kijiji hadi kijiji. Ngoma ilifuata sauti ya juu na ya chini ya Kilokele, ndiyo maana watu waliisikia kama maneno. Leo kijana akitaka kujua namna ilivyosema, anatafuta kitabu cha John Carrington, mumisionari wa Yakusu, kilichotoka 1949 kwa Kingereza. Tunamushukuru. Lakini wazee waliomufundisha, majina yao nani anayajua?

Sasa, Vita ya Siku Sita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya muji wetu. Almasi zetu zilikuwa na soko ng'ambo, maiti zikabaki kwetu. Tarehe 9 februari 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa maovu yake katika inchi yetu. Kongo iliomba zaidi ya bilioni 11. Majaji walisema vihakikisho juu ya hesabu ya waliokufa havikutosha.

Musikie vizuri: havikutosha. Mama alizika mutoto wake, lakini hakuna aliyeandika. Kumbukumbu isiyoandikwa haina uzito mbele ya korti.

Wengi wetu tulizaliwa karibu na ile vita ao nyuma yake. Tunajua wachezaji wote wa Madrid na nyimbo za Lagos. Si vibaya, dunia ni yetu pia. Lakini telefone ile ile inayotuletea Madrid inaweza kurekodi sauti ya mama huyu.

Basi tunaombana hivi: kabla mwezi uishe, kila mmoja wetu aketi na mzee mmoja wa avenue yake. Amuombe ruhusa kwanza. Amuache aseme kwa luga anayotaka. Aandike jina, mahali, tarehe. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine kwenye karatasi, juu telefone huibiwa.

Na kwa serkali ya jimbo tunasema: tarehe 5 hadi 10 juni zifundishwe katika kila masomo ya Kisangani.

Wazee hawatatungojea. Tuanze leo.