Mashahidi wa Bei: Soko na Ngoma katika Kaunti ya Kilifi



Nina hoja moja. Soko la mkulima lina kazi ambayo wapangaji wetu hawaihesabu: linampa mtu mashahidi. Anayeuza maembe mbele ya umati ana kinga ambayo hana yule anayeuza peke yake, chini ya mwembe wake, mnunuzi akiwa amesimama na lori limewashwa. Ngoma, harusi, matanga na sherehe za mavuno zilifanya kazi hiyohiyo kwa upande wa ndoa, madeni, ardhi na heshima. Kwa vizazi vingi, hapa kwetu, mambo haya yalienda kwa kalenda moja. Siku hizi tumeyatenga, na gharama ya kuyatenga anaibeba mkulima.

Nianze na kalenda yenyewe. Wamijikenda walihesabu wiki ya siku nne. Siku tatu watu walishika jembe. Siku ya nne, Jumwa, jembe lilipumzika. Hapo ndipo watu walipotembeleana, wazee wakasikiliza kesi, posa zikapelekwa, na aliye na cha kubadilisha akakitoa. Mtu hakulazimika kuchagua kati ya kwenda kununua chumvi na kwenda kusalimia wakwe. Safari ilikuwa moja.

Wala hawakuwa watu wa kujifungia msituni, kama vitabu vya zamani vilivyopenda kuwasimulia. Katika karne ya 19 pembe, sandarusi na nafaka za bara zilishuka Mombasa, Takaungu na Malindi, na nguo, shanga na nyaya zikapanda. Biashara ile ilishikiliwa na watu waliojuana. Mataifa ya Waswahili wa Mombasa, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa, kila upande ulikuwa na washirika wake miongoni mwa Wamijikenda, na wako walioungana kwa undugu wa kuchanjiana. Mali ilitembea juu ya uhusiano, na uhusiano ulitunzwa kwa kualikana.

Serikali ya kikoloni ilitambua nguvu hiyo ilipopambana nayo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipotaka kuwaamsha Wagiriama, tawi mojawapo la Wamijikenda, dhidi ya kodi ya vibanda na kazi ya kulazimishwa, alicheza kifudu, ngoma ya msiba, akaenda nayo kijiji kwa kijiji, na watu wakamfuata. Hakuwa na gazeti wala ofisi. Alikuwa na ngoma ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyethubutu kuipa mgongo. Kiapo kililiwa Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni. Alikamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mapigano yaliyofuata yalipokwisha Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa kuhama kutoka kaskazini ya Mto Sabaki, kwenye ardhi iliyokuwa ikiwapa ziada ya mahindi na mtama wa kuuza Malindi.

Hapo ndipo pa kutulia. Tunamkumbuka Mekatilili kila Agosti pale Malindi, na sanamu yake imesimama, na ni haki yake. Lakini tunasahau kilichopotea pamoja na kaya: soko. Watu waliokuwa wauzaji wa nafaka wakageuzwa kuwa vibarua. Adhabu ile ilivunja mahali pa kukutania na ghala kwa mkono mmoja, na sidhani maofisa wale walikuwa wakibahatisha.

Mwaka 1972 mwanaanthropolojia David Parkin alichapisha utafiti wake kuhusu Wagiriama wa ukanda wa minazi, kandokando ya Kaloleni. Kitabu kile nawataka wanafunzi wangu wote wakisome, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mwanauchumi huliruka. Minazi iliuzwa na kuwekwa rehani bila hati. Kilichomlinda mnunuzi miaka mingi baadaye, wajukuu wa muuzaji walipokuja kudai, ni wazee walioshuhudia. Kwa hiyo tajiri mwenye akili hakuweza kujitenga. Ilimbidi aende matangani, achangie harusi, atoe tembo la mnazi, akae na wazee, kwani siku ya kesi ni wao watakaosema: tulikuwepo. Karamu, ambayo mpangaji wa maendeleo angeiita ufujaji, ilikuwa ndiyo ofisi ya kusajili ardhi.

Tulitazame soko lenyewe sasa, kwa karibu.

Mama anayeuza nyanya hupanga mafungu: nne chini, moja juu. Nyanya zikiadimika, bei ya fungu haipandi haraka. Fungu ndilo linalopungua. Ile ya juu huondoka kwanza, kisha nyanya kubwa zinawekwa mbele na ndogo zinajificha nyuma. Mnunuzi mzoefu hupita mara moja bila kuuliza chochote, akayasoma mafungu ya safu nzima, akajua bei ya siku. Na mama hawezi kupunja kupita kiasi, maana jirani yake anaona, na jirani huyo ni wifi yake au mwenzake wa chama cha kuzungushiana fedha. Ukinunua mara ya pili unapewa nyongeza, na nyongeza ile ina maana: nimekukumbuka.

Mahindi hupimwa kwa gorogoro. Kila anayeijua gorogoro anajua pia hila yake, kitako kilichobonyezwa kwa ndani ili kopo libebe kidogo. Mnunuzi anaingiza mkono, anapapasa kitako. Akikuta kimebonyea hapigi kelele. Analiinua kopo juu kidogo, waliosimama karibu wakalitazama, na muuzaji mwenyewe anatafuta jingine. Sijaona mkaguzi wa vipimo anayefanya kazi upesi namna hiyo. Nasema hivi bila kumdharau mkaguzi. Namtaka aje, na aje na mizani iliyo sawa. Lakini anakuja mara chache, na macho ya watu yapo kila siku ya soko.

Kwenye kivuli cha pembeni kuna mnazi wa kunywa. Mgema amepanda alfajiri na kotama yake, na atapanda tena jioni, kwa sababu kole lisipochongwa hukauka. Mnazi wa asubuhi ni mtamu. Kufika alasiri umeshakuwa mkali. Wazee wanaukalia na mirija yao, na hapo ndipo utasikia ng'ombe wa nani wameingia shamba la nani, na nani anatafuta mnunuzi wa mbuzi wa kupeleka Bamba. Najua hapa wamo Waislamu na Wakristo wasiogusa kileo, na wana haki ya kutoketi pale. Baraza la kahawa chungu na tende, hatua chache kutoka hapo, linafanya kazi ileile.

Sasa linganisheni hayo na biashara ya embe. Ngowe, boribo na embe tufaha za Kilifi zinakwenda soko la Kongowea, Mombasa, na hadi Nairobi. Nyingi hazipiti soko lolote la hapa. Dalali anafika shambani, mara nyingine maua yakiwa bado yanadondoka, ananunua mti mzima kwa fedha taslimu. Mkulima ana karo ya shule, dalali anajua ana karo ya shule. Hakuna wa kupapasa kitako cha kopo. Bei ya Kongowea anaijua mmoja tu kati yao wawili. Watu wamezoea kumlaumu dalali kwa tamaa yake, nami simtetei, ingawa yeye ndiye mwenye lori, na barabara za Ganze na Magarini si za kila gari. Tatizo la msingi ni kwamba biashara ile inafanyika faraghani. Dalali huyohuyo, akisimama sokoni kati ya wauzaji thelathini, hutoa bei nyingine.

Kwa upande wa ngoma hali ni nzito zaidi, na nitaisema wazi kwa sababu nawaheshimu mliokuja. Wengi wenu mmepoteza usingizi kwa sababu ya disko matanga, ile disko ya usiku msibani. Msiba ulikuwa mahali ambapo wazee waliketi, madeni ya marehemu yakatajwa hadharani, warithi wakatambulishwa, na ngoma ikachezwa na watu wa rika zote. Sasa spika hukodishwa, wazee hulala mapema, na watoto hubaki na muziki na giza. Wasichana wamebebeshwa mimba huko. Utawala umepiga marufuku mara kwa mara, na marufuku hiyo naiunga mkono. Ila tujiulize ni kitu gani kilichoondoka mpaka kukawa na nafasi ya spika. Kilichoondoka ni mashahidi.

Na wengine hawakuondoka kwa hiari. Katika kaunti hii wazee wameuawa kwa kushutumiwa uchawi, na mara nyingi, ukichimba, unakuta shamba. Wapo wanaopaka mvi zao rangi nyeusi ili wasitambulike kuwa wazee. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa kimbilio la waliofukuzwa makwao. Fikirieni maana yake kwa jamii ambayo mipaka ya mashamba imeandikwa vichwani mwa watu hao. Anayemuua mzee ameichoma rejista. Sitaki mtu yeyote atoke humu akidhani ninazungumzia utamaduni kama pambo la watalii wakati jambo hili linaendelea.

Dunia imeutambua urithi huu kwa namna yake. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu mitakatifu ya kaya katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2009 ikaziweka mila za kaya katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Tumefurahi. Lakini msitu uliohifadhiwa, wakati wazee wake wanaogopa kutembea hadharani, umehifadhiwa nusu.

Katiba ya 2010 ilitupa nafasi ambayo bado hatujaitumia. Jedwali lake la Nne linazipa kaunti kilimo, masoko, shughuli za utamaduni na burudani za umma. Vyote vinne viko mkononi mwa serikali moja, karibu na wananchi. Kilichofanyika tangu kaunti zianze mwaka 2013 ni kuvigawa katika idara, na kila idara ikaenda na bajeti yake. Huku tunajenga soko lenye paa, meza za saruji na geti, bila nafasi ya watu kuketi kama hawauzi wala hawanunui. Kule tunaandaa tamasha uwanjani, mahema kwa wageni wa heshima, vikundi vya ngoma vikisubiri juani hotuba ziishe, na mama wa viazi karai akifukuzwa nje ya lango kwa kukosa kibali cha siku hiyo.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi. Soko jipya lolote liachiwe uwanja wazi wa mchanga, wenye kivuli cha mwembe au mkwaju, usiogawiwa vibanda hata shinikizo liwe kubwa kiasi gani. Uwanja huo uwe wa wazee mchana na wa vikundi vya ngoma jioni, kabla ya magharibi, watoto wakiwa na wazazi wao. Sherehe za kaunti ziwekwe kwenye siku za soko zilizokwisha zoeleka, huko Kaloleni, Mariakani na Bamba, badala ya kuwaita watu Jumatatu ambayo hawana sababu nyingine ya kusafiri. Anayeuza chakula siku ya tamasha alipe ushuru uleule wa siku ya soko, asitozwe mara mbili. Na siku ya soko isibadilishwe kwa tangazo la ofisini bila kuwauliza wanaoitumia. Ukihamisha Jumatano ukaifanya Ijumaa, umevuruga harusi, vikao vya vyama, safari za matatu na mkutano wa upatanisho ambao hukujua upo.

Kuna walioniambia kwamba simu zimemaliza hoja hii, kwamba mkulima wa Magarini anaweza kupata bei ya Kongowea kiganjani. Anaweza, na inamsaidia. Lakini bei ya kwenye simu ni habari tu. Dalali akisema hiyo ni ya jana, mkulima hana wa kumjibu pamoja naye. Bei iliyotangazwa sokoni watu mia wakiisikia ina uzito, kwa kuwa wote mia wataikumbuka kesho.

Kwa hiyo idara yetu itaanza na jambo dogo. Wanafunzi wa mwaka wa tatu, kwa idhini ya kamati za soko, watachukua bei za maembe, nazi, mahindi na mbuzi kila siku ya soko, na kupiga simu Kongowea asubuhi hiyohiyo. Bei zitaandikwa kwa chaki kwenye ubao ulio langoni na kusomwa kwa sauti saa nne, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, kabla hazijaingia katika tasnifu ya mtu yeyote. Wazee wawili watakaochaguliwa na soko watasimama kando ya msomaji na kusema kama alichosoma ndicho walichokisikia. Kamati ambazo zingependa kuanza nasi, walimu wa kazi hii wameketi safu ya nyuma na wana karatasi ya majina. Onaneni nao kabla hamjapanda magari.