Kijana Aliyedai Urithi: Luka 15 kwa Masikio ya Wafugaji

Leo tunafungua Injili ya Luka sura ya 15, kwenye mfano wa mwana mpotevu. Nina hakika kwamba mzee wa Kimaasai aliyefuga na kugawa mifugo huko Kajiado, nchini Kenya, ana cha kutufundisha kuhusu mfano huu, na kwamba tumekawia sana kumuuliza.

Mfano huu umehubiriwa mara nyingi kama habari ya kijana mlevi aliyetapanya mali kwa anasa. Mahubiri ya namna hiyo yanaanzia katikati. Watu waliomsikiliza Yesu waliishi katika jamii ya wakulima na wachungaji, na walishtuka kijana akiwa bado nyumbani, pale alipomwambia baba yake ampe sehemu yake ya urithi.

Kenneth Bailey, Mmarekani aliyekulia Misri na kufundisha Biblia Mashariki ya Kati kwa takriban miaka 40, alilichunguza jambo hili kwa njia nyepesi: aliuliza. Kila alipofika kijijini aliwauliza watu kama kuna kijana wa kwao aliyewahi kudai urithi baba yake akiwa mzima wa afya. Jibu lilikuwa lile lile karibu kila mahali: hapana, haiwezekani, maana anayeomba hivyo anamtakia baba yake kifo. Bailey aliyaeleza hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1976, na baadaye katika vingine.

Sasa tuitazame sheria ya Wayahudi wenyewe. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 21, mzaliwa wa kwanza hupewa sehemu mbili. Basi katika nyumba ya wana wawili, mdogo huyu alistahili theluthi moja. Mishna, yaani mkusanyo wa sheria za Kiyahudi ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya tatu, inakubali kwamba baba anaweza kumwandikia mwanawe mali akiwa hai. Lakini baada ya kuandika, baba hawezi kuiuza kwa sababu ni ya mwana, wala mwana hawezi kuiuza kwa sababu bado iko mkononi mwa baba. Mwana akithubutu kuuza, mnunuzi hana haki ya kuigusa mpaka mzee afariki.

Mfugaji wa Kimaasai haoni jambo geni hapo. Kwa desturi, mtoto hupewa mnyama wake angali mdogo, na huongezewa kadiri anavyopita hatua za maisha, tohara ikiwemo. Kila mtu bomani anajua ng'ombe yule ni wa nani. Hata hivyo kijana hampeleki sokoni bila neno la baba. Kwa hiyo wa kwetu hatashangaa kusikia kwamba mwana alikuwa na fungu lake. Atashangaa kusikia kwamba siku chache baadaye alikusanya kila kitu akaondoka nacho. Ardhi haibebwi begani, wala kundi halifichwi mfukoni. Ili aondoke na mali yake, ilimbidi aiuze, na aiuze upesi, huku baba yake anatazama.

Uuzaji wa namna hiyo unatufikisha Kitengela, humo humo Kajiado. Sheria ya ranchi za pamoja ilipitishwa mwaka 1968, na Kajiado ilikuwa mstari wa mbele kuzianzisha. Mwaka 1988 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Nairobi iko karibu, barabara ya Namanga inapita hapo, viwanda vya Athi River vikakua, na wanunuzi wakaja. Uwanda ambao mifugo na nyumbu waliupita bila kizuizi ukajaa nyaya na mawe ya mipaka. Wengine waliuza kwa karo ya shule au matibabu, na siwalaumu hata kidogo. Lakini zipo pia familia ambazo mwana alimbana mzee agawe, akauza, na fedha zikaisha kabla ya mvua iliyofuata. Msikilizaji aliyeyaona hayo hahitaji hotuba ndefu ili aelewe uchungu wa yule baba.

Kijiji cha Kiyahudi nacho kilikuwa na namna yake ya kuonyesha uchungu huo. Talmud ya Yerusalemu inaeleza kwamba mtu akiuza shamba la ukoo, jamaa zake walijaza vyombo kwa nafaka iliyokaangwa na njugu, wakavivunja mbele ya watoto. Watoto waliokota huku wakitangaza kwamba fulani amekatwa kutoka urithi wake. Akilirudisha shamba, walifanya vivyo hivyo na kutangaza kwamba amerudi.

Ukilijua hilo, mbio za yule baba alipomwona mwanawe anarudi zinaeleweka. Mzee wa heshima hakimbii hadharani, si Yudea wala Kajiado. Bailey anaamini alikimbia ili amfikie mwanawe kabla ya kijiji kumfikia, na hoja hiyo naiona ina nguvu. Kisha akachinja ndama aliyenona. Nyama hiyo ni nyingi mno kwa nyumba moja. Yaelekea kijiji kizima kilialikwa, na waliokuja kula walikuwa wamekubali upatanisho.

Upatanisho kama huo Wamaasai nao wana alama yake. Upande wa Tanzania, padre Vincent Donovan aliomba mwaka 1966 aruhusiwe kwenda kuzungumza na Wamaasai wa Loliondo kuhusu Mungu, na hakuna kingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1978 anasimulia jinsi mate yalivyo msamaha kwa Wamaasai: mkosaji huomba atemewe mate, na akitemewa, kosa limeondoka. Donovan alikwenda kufundisha, akajikuta anafundishwa.

Hayo hayana maana kwamba Kajiado ni Galilaya. Wayahudi wale walikuwa na torati yao, kodi za Warumi na nguruwe waliokuwa najisi, na ni lazima tuyasome hayo kwa makini. Lakini vitabu vya ufafanuzi tunavyoagiza kutoka mbali viliandikwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawajawahi kugawa kundi kati ya wana.

Basi nawaomba ninyi mnaoongoza mafundisho ya Biblia Entarara na kote Kajiado: kabla ya somo lijalo la Luka 15, nendeni kwa wazee waliokuwa wanachama wa ranchi kabla haijagawanywa. Waulizeni lile swali la Bailey, na mwandike majibu yao wakiwa bado nasi.