"Bila shilingi ya serikali": nani analipa barabara?

(Haya niliwaambia vijana wenzangu Jumamosi pale Makina, Kibera. Nimeyakata vipande ili yasomeke kwa simu.)

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, nimekulia Gatina, Kawangware. Nikikosea kuhusu Kibera mnirekebishe.

Kila msimu wa siasa tunasikia hii: "Tutajenga barabara na madaraja bila kutumia hata shilingi moja ya serikali." Watu wanapiga makofi. Hata mimi nimewahi kupiga. Kinachozungumziwa ni ubia wa serikali na sekta binafsi, ile PPP. Kampuni inaleta pesa, inajenga, halafu inarudisha pesa yake na faida. Sasa, inairudisha kutoka mfuko wa nani?

Chukua Expressway. Kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022. Kampuni inakusanya ada kwa miaka 27 kisha barabara inarudi kwa serikali. Inaishia pale James Gichuru, si mbali na kwetu Kawangware. Kama una gari inakusaidia, siwezi kukataa. Lakini bodaboda, tuktuk, mkokoteni na mtu wa miguu hawaruhusiwi huko juu. Na nyinyi mnajua ni wangapi hutoka hapa alfajiri wakitembea hadi Industrial Area.

Ada nayo? Gari dogo, safari nzima, lilikuwa likilipa shilingi 360. Mwanzoni mwa 2024 ikapanda hadi 500, tukaambiwa ni kwa sababu shilingi imeshuka thamani. Jukwaani wanasema mwekezaji ndiye hubeba hatari. Hiyo ya shilingi kushuka ilibebwa na dereva.

Kuna aina ya pili ambayo haina kibanda cha ada. Kampuni inajenga na kutunza, serikali inailipa polepole kwa miaka. Ngong–Kiserian–Isinya ilijengwa hivyo. Malipo yanatoka kwa ile ada ya barabara inayokatwa kwa kila lita ya mafuta, ambayo 2024 ilitoka shilingi 18 ikawa 25. Mafuta ni yale yale ya matatu na boda, kwa hivyo hata wewe usiye na gari unachangia ukilipa nauli. Ni pesa ya umma, tofauti ni kwamba imetumiwa kabla haijakusanywa.

Msiniweke kwa kundi la wanaopinga. Hoja yao nzuri ni hii: wenye magari wakijilipia barabara kuu, bajeti inabaki na pesa ya barabara zisizoweza kutozwa ada. Naikubali. Hakuna mwekezaji atakuja kuweka kibanda Lindi au kutengeneza mbao mbili juu ya mtaro. Kwetu mvua ikinyesha, mama huvua viatu avuke, na mdogo wangu hakwendi shule siku hiyo. Basi nionyesheni kwa bajeti hiyo pesa iliyobaki. Imeandikwa wadi gani?

Halafu kuna Julai 2018. Tingatinga ziliingia hapa Kibera, zikabomoa nyumba na shule kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Haikuwa PPP, najua. Lakini mkataba wa kampuni huwa na tarehe, na kuchelewa kunagharimu, kwa hivyo haraka ya kuondoa watu haiwezi kuwa ndogo kuliko ile.

Mwezi jana nilimuuliza mgombea mmoja haya yote. Akacheka kidogo: "Kijana, hayo ni mambo ya wataalamu." Maiki ikachukuliwa, nikakaa.

Anarudi wiki ijayo. Nimeandika maswali matatu kwa karatasi: nani ana uwezo wa kupandisha ada na kwa sababu gani, pesa iliyookolewa inaenda wadi gani, na nani amehesabiwa na kulipwa kabla tingatinga haijawashwa. La kwanza nitauliza mimi. Nani anachukua la pili?