"Noma" Haitoshi Kumweleza Daktari

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na vijana kuhusu lugha



Mada ya leo si vita dhidi ya Sheng. Lugha hiyo ilikita mizizi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako watoto wa jamii mbalimbali walichanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha za nyumbani. Kisha ikapanda matatu hadi Karatina, Nyeri mjini, Naro Moru na Nanyuki. Kikuyu nacho kimechangia: kijana anayesema anaenda "wera" ameazima neno wĩra, yaani kazi.

Kuzungumza kwa mafumbo pia si jambo geni hapa. Wazee walikuwa na gĩcandĩ, ushindani wa mafumbo ulioimbwa na watu wawili, mmoja akimtegea mwenzake. Asiye na hazina ya maneno hakuthubutu kuingia uwanjani.

Shida iko kwingine. Ni pale neno moja linapobebeshwa kila mzigo. Mtihani mgumu ni noma. Wimbo mtamu ni noma. Mwalimu mkali ni noma. Tumbo likiuma, noma. Mtu mzima akimfuata msichana njiani anapotoka shuleni, noma pia. Msikilizaji atajuaje ni lini acheke na ni lini ashtuke?

Cha kushangaza ni kwamba vijana hao hao hawakosi maneno wanapozungumzia pesa. Kumi ni ashu, ishirini ni mbao, hamsini ni finje, mia ni soo, elfu ni thao. Noti ya shilingi 500 ilipata jina la jirongo miaka ya 1990, kutokana na mwanasiasa Cyrus Jirongo. Hakuna kondakta anayedai nauli ya "noma". Pesa zikitajwa, kila mtu hutaka hesabu kamili. Je, afya na usalama wa mtoto ni duni kuliko nauli?

Daktari anahitaji kujua maumivu yalianza lini, yako upande gani, na kama yanachoma au yanasokota. Afisa anayepokea malalamiko anahitaji kujua ni nani, wapi na saa ngapi. Mtahini wa KCSE naye hana la kufanya ila kusahihisha alichosoma. Karatasi ya Pili ya Kiswahili ina sehemu ya Isimujamii, na humo mwanafunzi anaweza kuulizwa kuhusu Sheng yenyewe. Atatakiwa kuieleza kwa Kiswahili sanifu.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kwa hivyo kijana hahitaji Kiingereza cha kujivunia ndipo asikizwe katika afisi ya umma. Anachohitaji ni maneno yanayoeleza jambo lilivyo.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kijana akisema "shule ni noma", swali lisiwe, "Hiyo ni lugha gani?" Akifokewa hivyo, kesho atajibu "niko poa" na mlango utafungwa. Aulizwe kwa upole: ni noma ya aina gani? Ni masomo, ni chakula, au kuna mtu anayemsumbua? Cucu akiuliza maana ya neno, mjukuu asimcheke. Amweleze. Kulifafanua neno moja kwa maneno mengine matatu ni zoezi lisilogharimu hata ashu.

Walimu wanaweza kufanya vivyo hivyo darasani. Badala ya kumwadhibu aliyesema "noma", mwalimu aombe darasa zima litaje maneno yanayoweza kuchukua nafasi yake: inatisha, inachosha, inauma, inaaibisha, inapendeza. Ubao utajaa haraka.

Vijana, bakini na Sheng yenu mkiwa na marafiki. Lakini hazina yenu isiishie hapo.

Na mtoto yeyote aliye hatarini asingoje kupata maneno mazuri. Nambari 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo. Aseme kwa maneno aliyo nayo, hata kama ni "noma" pekee. Kuuliza yaliyosalia ni kazi ya mtu mzima anayemsikiliza.