Deni la Boma Hulipwa na Boma Zima

Mazungumzo na familia za wafugaji siku ya chanjo



Leo sianzi na kupe wala minyoo. Naanza na deni. Mtaniuliza, mtu wa mifugo na madeni wapi na wapi? Ni kweli mimi si mhasibu. Nilichosomea chuoni ni afya ya mifugo. Lakini kazi yangu ni kuona kundi lako linakua. Mitamba wanaotoka zizini kwa ugonjwa nina chanjo na dawa zao. Mitamba wanaotoka kwa sababu ya deni sina sindano yao. Dawa ya hao mnayo ninyi wenyewe, nyumbani, mkikubali kuitafuta pamoja.

Mtamba akiuzwa, nini kinaondoka?

Mfugaji akibanwa na mkopeshaji, huuza mnyama anayepata mnunuzi haraka. Mara nyingi ni mtamba. Ana umbo zuri, wanunuzi wanamgombania, na fedha inapatikana siku hiyo hiyo.

Sasa fikiri. Ng'ombe wetu wa asili, kwa malisho yetu, huzaa mara ya kwanza akikaribia umri wa miaka minne. Mimba yake ni miezi tisa. Ukimuuza mtamba leo, umemuuza pamoja na maziwa ambayo watoto wangekunywa na ndama wote ambao angewazaa. Ukitaka kumrudisha kwa kulea ndama jike mwingine, hesabu tena miaka minne. Deni la miezi mitatu linaweza kukurudisha nyuma miaka minne.

Wakubwa wanakumbuka ukame wa mwaka 2009, hapa Longido, Monduli na Ngorongoro. Vijana wanakumbuka ule wa mwaka 2021 kuingia 2022. Mifugo ilikufa, lakini aliyekuwa anadaiwa aliendelea kudaiwa. Ng'ombe hufa, deni halifi. Ndiyo maana deni lilipwe wakati nyasi zipo.

Deni linavyokula

Madeni hayafanani. Deni la unga kwa mwenye duka anayekufahamu mara nyingi halina riba. Anachotaka ni uaminifu wako. Deni la kikundi cha kuweka na kukopa lina riba ndogo, na riba yenyewe hurudi kwenu wanakikundi. Lakini kuna mikopo ile ambayo watu wameipa jina la "kausha damu". Jina hilo halikutoka hewani.

Chukua mfano. Tuseme umekopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 60,000. Kila mwezi unatafuta hiyo 60,000, unalipa, unashukuru. Baada ya miezi mitano umelipa shilingi 300,000, sawa na ulichokopa. Unadaiwa kiasi gani? Shilingi 300,000 zile zile. Ni kama kumkamua kupe mmoja huku ukiwaacha mia moja mgongoni.

Kwa hiyo kabla ya kukopa popote, uliza mambo matatu: riba ni kiasi gani kwa mwezi, jumla nitarudisha shilingi ngapi, na nikichelewa nini kitatokea. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Omba kuiona. Omba mkataba, usomewe kwa lugha unayoielewa, nawe ubaki na nakala. Usimkabidhi mtu kadi yako ya benki na namba yako ya siri.

Kaeni chini, boma zima

Katika maboma mengi deni ni siri. Mzee ana deni mnadani, mama hajui. Mama ana deni dukani, mzee hajui. Kijana amekopa kwenye simu, hakuna anayejua. Kila mmoja analipa kidogo kidogo kwa kificho, na kila mmoja anakopa tena ili alipe. Fedha ya boma inavuja sehemu tatu na hakuna anayeona tundu.

Chagueni jioni moja, mifugo ikishaingia na maziwa yakishakamuliwa. Wakae mzee, wake, vijana, na bibi kama yupo. Mtoto wenu aliye mjini kwenye ulinzi mpigieni simu, naye asikie. Mzee aanze kutaja deni lake mwenyewe. Akianza mzee, wengine hawataogopa. Msigombane usiku huo juu ya nani alikopa na kwa nini. Ng'ombe akizama kwenye tope, kwanza mnamtoa.

Najua kwetu si desturi kuhesabu ng'ombe. Hakuna haja ya kuwahesabu. Kinachohesabiwa ni deni. Tumieni kokoto: kokoto moja ni shilingi 10,000. Wekeni fungu la kila mdai peke yake, ili hata bibi asiyesoma aone kwa macho. Mtoto wa shule aandike kwenye daftari: tunadaiwa na nani, kiasi gani, riba ngapi, lini mwisho.

Wapi pa kupunguza

Hapa ndipo ugomvi huanza. Mzee husema, "Sukari imezidi," naye jana mnadani alikula nyama choma na soda mbili. Mama husema, "Mzee aache mnada," naye ana deni la shanga mpya. Njia inayofanya kazi ni hii: kila mtu ataje kitu chake mwenyewe cha kupunguza, asitaje cha mwenzake.

Tuseme boma lenu linatumia nusu kilo ya sukari kwa siku, na kilo ni shilingi 3,000. Kwa mwezi ni shilingi 45,000. Mkipunguza hadi robo kilo, mnabakiwa na 22,500. Chai itakuwa na utamu kidogo, lakini maziwa yatabaki yale yale.

Nauli ya bodaboda kwenda mnadani na kurudi, tuseme 10,000. Mara nne kwa mwezi ni 40,000. Mkienda mara mbili tu, siku mnazouza au kununua kitu, mnabakiwa na 20,000. Chakula na soda za mnadani zikipungua pia, wekeni 12,500. Vocha za simu tatu, shilingi 1,000 kwa siku, ni 30,000 kwa mwezi. Vijana wakikata nusu, mnabakiwa na 15,000.

Jumlisheni: 22,500 na 20,000 na 12,500 na 15,000. Ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo.

Kuna matumizi mengine ninayoyafahamu vizuri zaidi, kwa sababu ni ya upande wangu: sindano za kubahatisha. Mnyama akilegea, mtu anakimbilia dukani kununua oksitetrasaiklini, ile OTC mnayoifahamu wote, anachoma. Dawa hiyo haiui minyoo. Haiui virusi, kwa hiyo haiponyi sotoka ya mbuzi na kondoo. Ukichoma dozi ndogo ili chupa ifike mbali, unalea vijidudu sugu. Dawa ya kuogeshea ukiizimua kupita kipimo, kupe wanazoea, nawe unarudi kununua tena. Niulize kwanza, au muulize mhudumu wa afya ya mifugo wa kijiji. Kuuliza hakuna bei.

Na sherehe? Jando, harusi na mahari ni heshima yetu, sisemi ziachwe. Nasema msikope kausha damu kwa ajili ya sherehe. Familia mbili au tatu za ukoo mmoja zinaweza kufanya jando la watoto wao siku moja na kugawana gharama. Wazee mnalo neno juu ya hilo kuliko mimi.

Wapi pasipopunguzwa

Msipunguze chakula cha watoto wadogo, cha mama mjamzito na cha mama anayenyonyesha. Msiuze maziwa yote ili mlipe deni, halafu mtoto anywe chai ya rangi. Na ndama mwachieni ziwa lake. Ndama aliyekamuliwa maziwa yake yote anadumaa na kuugua haraka.

Fedha ya maziwa kwa desturi yetu ni ya mama. Asinyang'anywe kwa kisingizio cha deni. Akitoa mchango wake, atoe kwa hiari, na uandikwe kwenye daftari kama michango ya wengine.

Msipunguze chanjo. Ndama akichanjwa ndigana kali, yaani oltikana, chanjo ni ya mara moja, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ndama mwenyewe. Homa ya mapafu ya ng'ombe, homa ya mapafu ya mbuzi na sotoka ya mbuzi na kondoo nazo zina chanjo. Anayekwepa chanjo ili kulipa deni anajitafutia deni kubwa zaidi. Msipunguze kuogesha wakati wa kupe, wala chumvi na magadi. Mtoto msimtoe shule. Huyo ndiye anayewaandikia daftari.

Uza mapema, uza anayefaa kuuzwa

Sasa niseme ukweli. Akiba ya 70,000 kwa mwezi huanza kwa kumezwa karibu yote na mkopo unaozaa 60,000 kwa mwezi. Mtabana matumizi miezi mingi huku deni likipungua polepole. Kwa mkopo wa namna hiyo lazima mnyama atoke. Swali ni yupi, na lini.

Yupi? Ng'ombe mzee ambaye hashiki mimba tena. Jike anayetupa mimba kila mara, lakini huyo nimwone kwanza, maana kuna magonjwa ya kutupa mimba yanayoambukiza watu pia. Maksai, madume ya ziada, mbuzi na kondoo waliohasiwa. Mtamba na jike mwenye ndama wawe wa mwisho kabisa.

Lini? Masika yanapoisha, kuanzia Juni, mnyama akiwa bado na mwili. Ukisubiri Septemba, mifupa ya nyonga ikionekana kwa mbali, kila mtu analeta mnadani na mnunuzi anataja bei anayotaka. Wakati huo huo mahindi yanapanda bei. Pale ambapo mmoja mnene angetosha, utauza wawili au watatu waliokonda.

Tuone hesabu yote. Tuseme boma linadaiwa hivi: kausha damu shilingi 300,000 na riba ya mwezi huo 60,000; duka la unga 150,000; kikundi 220,000 pamoja na riba yake. Jumla ni 730,000. Mwezi Juni wanauza ng'ombe mzee aliyenona kwa 450,000. Wanafuta kausha damu yote, 360,000, na kuchukua hati ya kumaliza deni. Inayobaki, 90,000, wanaipeleka dukani. Sasa duka linadai 60,000 na kikundi 220,000, jumla 280,000. Kwa 70,000 kila mwezi, miezi minne inatosha. Wakianza Julai wanamaliza Oktoba. Kiangazi kikiwa kikali na mkashindwa mwezi mmoja, malizeni kwa miezi mitano. Mwambieni mdai mapema. Anayetoa taarifa huaminiwa kuliko anayezima simu.

Fedha ya akiba isikae kwenye shuka la mtu. Chagueni mtunzaji mmoja, na mwingine atunze daftari. Kila mwezi mkae tena, muondoe kokoto za deni lililolipwa. Watoto wakiona fungu linapungua watakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini leo kuna soda.

Deni likiisha

Mkimaliza, msirudi mara moja kwenye matumizi ya zamani. Endeleeni miezi miwili mitatu na hiyo 70,000 iwe akiba ya kiangazi kijacho: ya unga, ya dawa, ya nauli ya mgonjwa. Wengi hukopa kausha damu kwa jambo la dharura, na akiba hiyo ndiyo kinga yake.

Kumbuka haya:

1. Kila deni litajwe mbele ya familia, mzee akianza.
2. Kila mtu apunguze kitu chake mwenyewe.
3. Deni lenye riba kubwa lilipwe kwanza.
4. Uza mapema, mnyama akiwa na mwili, linda mitamba.
5. Chakula cha watoto, maziwa ya ndama, chanjo na shule visiguswe.

Mwenye swali ambalo hataki kuliuliza mbele za watu, anione josho siku ya kuogesha, au anipigie nipite bomani. Hata kama ni la kuchagua ng'ombe wa kuuza, njoo tumtazame pamoja. Sasa leteni ndama tuendelee na chanjo.