Kinga Mlangoni mwa Ubongo: Kichaa cha Mbwa na Maradhi Mengine ya Neva, kutoka Ukambani hadi Kampala

Virusi vya kichaa cha mbwa huingia mwilini kwa njia ya jeraha, na kwa siku nyingi za mwanzo havileti dalili yoyote. Mate ya mbwa mgonjwa huviacha ndani ya msuli. Huko hujishika kwenye vipokezi vya asetilikolini, pale neva inapokutana na msuli, vikapenya katika ncha ya neva na kubebwa ndani yake kuelekea uti wa mgongo kwa mwendo unaokadiriwa kuwa milimita 50 hadi 100 kwa siku. Ndiyo maana mtu mzima aliyeumwa kifundo cha mguu akitoka soko la Kabati, Kitui Magharibi, kwa kawaida ana muda mrefu wa kutibiwa kuliko mtoto aliyeumwa shavuni: virusi vina safari ndefu zaidi. Mara nyingi dalili hujitokeza kati ya mwezi 1 na miezi 3 baada ya kuumwa. Zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa, wengi ndani ya siku 10.

Ukambani, mashariki mwa Kenya, umeujua ugonjwa huu kwa muda mrefu. Nchini Kenya ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana karibu na Nairobi, na mwaka 1928 kwa binadamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Philip Kitala wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliufuatilia kijiji kwa kijiji katika Wilaya ya Machakos, badala ya kungojea taarifa zifike ofisini. Walipata visa 860 kwa kila mbwa 100,000 kwa mwaka, na watu 234 walioumwa kwa kila wakazi 100,000. Serikali ilipotangaza mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa kwa binadamu ifikapo mwaka 2030, Kitui, Makueni na Machakos ziliwekwa miongoni mwa kaunti za kuanzia, pamoja na Siaya na Kisumu.

Jambo ambalo kwa karne nzima limewashangaza wachunguzi wa maiti ni jinsi ubongo wa marehemu unavyoonekana. Mtu amekufa kwa mateso makali, ameyaogopa maji, amepigwa na mishtuko ya misuli, huenda amepooza. Ilhali chini ya darubini seli nyingi za neva bado ni nzima, na seli za kinga zilizofika ni chache. Mwaka 1903 Adelchi Negri, mtafiti wa Italia, alieleza vijidoa vinavyopatikana ndani ya seli hizo, na kwa miongo mingi hivyo ndivyo vilivyotumika kuthibitisha ugonjwa. Inflamesheni, yaani ile hali ya joto, wekundu, uvimbe na maumivu inayotokea kinga inapopigana na mvamizi, haikuwa kubwa kiasi cha kueleza kifo. Katika ugonjwa unaoua kuliko karibu yote, kinga haikuwapo kazini.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kwanza kueleza jinsi ubongo unavyolindwa siku zote. Mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo imeundwa kwa seli zilizobanana sana, na ubano huo huitwa kizuizi cha damu na ubongo. Sukari na oksijeni hupita. Seli nyingi za kinga na kingamwili hubaki nje. Mwaka 1948 Peter Medawar alionyesha kwamba kipande cha ngozi ya sungura mwingine kikipandikizwa ndani ya ubongo wa sungura hakikataliwi kwa kasi kama kikipandikizwa penginepo, na tangu hapo vitabu vikafundisha kwamba ubongo umejitenga na kinga ya mwili. Mafundisho hayo yalizidisha. Ubongo una walinzi wake, maikroglia, waliopewa jina na Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Hutokana na seli zinazoingia ubongoni mapema sana mimba inapokua, na huishi humo maisha yote wakizoa mabaki na kupunguza miunganiko isiyohitajika kati ya neva. Isitoshe, mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, moja la Virginia nchini Marekani na jingine la Helsinki, yalieleza mirija ya limfu iliyomo katika utando unaouzunguka ubongo wa panya, ambayo hupeleka habari za ubongoni hadi kwenye tezi za shingo. Basi ubongo haukukatwa kutoka kwa kinga. Una mlango mwembamba, na ugonjwa hutegemea sana nani anaingia, lini, na kwa wingi gani.

Virusi vya kichaa cha mbwa vinajua kuutumia wembamba huo. Vikiwa ndani ya neva havionekani na seli za kinga zilizo katika damu. Mojawapo ya protini zake huzima intaferoni, ile ishara ambayo seli iliyoambukizwa huitoa kuwaonya majirani. Aina za virusi zinazozunguka kwa mbwa haziui seli ya neva haraka, na kwa hiyo hakuna mabaki ya kuwaamsha walinzi. Seli za kinga za aina ya T (seli T) chache zinazofanikiwa kuingia hukutana na molekuli zinazozifanya zife. Zaidi ya hayo, kizuizi cha damu na ubongo hubaki kimefungwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Thomas Jefferson, Philadelphia, walilinganisha virusi vikali vya ugonjwa huo na vile vilivyodhoofishwa maabara, wakakuta kwamba panya walioambukizwa virusi dhaifu hufunguka kizuizi, seli za kinga na kingamwili huingia, na wengi hupona. Kilichowaokoa ni ile inflamesheni ambayo madaktari wa magonjwa mengine ya ubongo huihangaikia usiku na mchana kuizima.

Mwaka 2004 msichana wa miaka 15 huko Wisconsin, Marekani, aliyekuwa ameumwa na popo na hakuchanjwa, alipona baada ya madaktari kumlaza usingizi mzito kwa dawa. Njia hiyo ilienea upesi duniani kama tiba. Lakini msichana huyo alikuwa tayari na kingamwili katika damu na katika maji ya uti wa mgongo alipofika hospitalini, na virusi vyenyewe havikupatikana kamwe. Inaelekea kinga yake ilikuwa imewahi. Oktoba 2007 mwanamke kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo usoni katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, inayopakana na Makueni. Virusi vilikuwa vya Duvenhage, jamaa wa karibu wa kichaa cha mbwa. Alitibiwa Amsterdam kwa njia ile ile, akafariki Desemba. Tangu hapo wagonjwa wengi wametibiwa hivyo bila mafanikio ya kutegemewa, na haifai tena kuwapa jamaa za mgonjwa tumaini kwa jina la tiba hiyo.

Linalofaa ni kuiwahisha kinga kabla virusi havijaingia katika neva. Kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 huondoa sehemu kubwa ya virusi, na ni jambo linaloweza kufanywa nyumbani. Kingamwili zilizotayarishwa hudungwa ndani na kando ya jeraha lililotoboa ngozi, kwa sababu mwili wenyewe huhitaji takriban siku 7 hadi 14 kutengeneza zake. Chanjo hutolewa siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, na nyingine baadaye kulingana na ratiba inayotumika. Mgonjwa anayeacha katikati kwa sababu ya nauli au bei ya dozi hubaki katika hatari ambayo daktari hawezi kuiondoa baadaye. Kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo kila mwaka hukata maambukizi kwenye chanzo chake, na kwa gharama iliyo ndogo kuliko kuwatibu watu mmoja mmoja.

Chanjo ya binadamu ina historia inayogusa upande wa pili wa mada hii, yaani kinga inapomdhuru mwenyewe. Julai 1885 Louis Pasteur alimtibu Joseph Meister kwa uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa. Mwaka 1911 David Semple, akifanya kazi Kasauli nchini India, alitengeneza chanjo kutokana na ubongo wa mnyama ulioambukizwa, virusi vikiwa vimeuawa kwa fenoli. Ilikuwa rahisi kutengeneza, ikaenea Asia na Afrika. Watu walidungwa tumboni kila siku kwa majuma 2 au 3, na hofu ya sindano za tumboni imebaki vijijini ingawa chanjo ya leo hudungwa mkononi. Baadhi ya waliodungwa, kati ya mmoja katika mamia kadhaa na mmoja katika maelfu kadhaa, walipooza au kupoteza fahamu majuma machache baadaye. Hawakuwa na kichaa cha mbwa. Chanjo ilikuwa imebeba mayelini, mafuta na protini zinazoufunika waya wa neva na kuharakisha ujumbe wake. Kinga ya mwili ilijifunza kuichukia mayelini ya mnyama, kisha ikaishambulia ya mtu mwenyewe.

Thomas Rivers, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, aliamua kulijaribu jambo hilo. Kuanzia mwaka 1933 yeye na wenzake waliwadunga nyani ubongo wa sungura usio na virusi vyovyote, mara nyingi mfululizo, na baadhi ya nyani wakapooza. Ndani ya ubongo wao mayelini ilikuwa imevuliwa kuizunguka mishipa ya damu, na seli za kinga zimejaa hapo. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi kwamba kinga peke yake inaweza kuleta ugonjwa wa neva. Mfano huo wa maabara ndio uliosaidia kuielewa sklerosisi ya mfumo wa neva (multiple sclerosis), ugonjwa ulio wa nadra katika Afrika ya tropiki lakini unaowalemaza vijana wengi Ulaya na Amerika Kaskazini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1984 kuachwa kwa chanjo za ubongo wa wanyama. Hata hivyo Ethiopia iliendelea kuzitumia hata baada ya mwaka 2000, kwa kuwa chanjo mpya ilikuwa ghali.

Kutokana na mfano wa Rivers zilizaliwa dawa zinazozizuia seli T kuingia ubongoni, mojawapo natalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Ilipunguza sana mashambulizi ya sklerosisi. Mwaka 2005 iliondolewa sokoni kwa muda, kwa kuwa baadhi ya waliotumia walipata ugonjwa wa ubongo unaoletwa na virusi vya JC, ambavyo watu wengi huishi navyo bila madhara. Mlango ulipofungwa, walinzi walishindwa kuvifikia. Ilirudishwa mwaka 2006 kwa masharti makali.

Katika wodi za Afrika Mashariki, hata hivyo, mizani hii kati ya kinga inayookoa na kinga inayodhuru hupimwa zaidi katika malaria, kifua kikuu na VVU. Malaria ya ubongo haihitaji kimelea kuingia ubongoni hata kidogo. Chembe nyekundu zilizobeba vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, ukuta huvuja, saitokini, yaani protini za ishara za kinga, hupanda, ubongo huvimba. Uchunguzi wa watoto nchini Malawi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi wa waliokufa walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo, na utafiti wa Kampala wa mwaka 2008 ulikuta kwamba takriban mtoto 1 katika 4 waliopona alikuwa na upungufu wa uwezo wa kufikiri miaka 2 baadaye. Ingeonekana wazi kwamba dawa ya kutuliza uvimbe ingesaidia. Lakini jaribio la deksamethasoni, dawa ya aina hiyo, lililofanywa Thailand na kuchapishwa mwaka 1982 halikuokoa maisha, na lilirefusha muda wa kupoteza fahamu.

Dawa hiyo hiyo ilitoa jibu tofauti katika homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kifua kikuu. Mwaka 2004, katika jaribio la Vietnam lililohusisha wagonjwa 545, deksamethasoni ilipunguza vifo, ingawa haikupunguza ulemavu mkubwa kwa waliobaki. Katika ugonjwa huo usaha mzito hukaba mishipa ya chini ya ubongo, na sehemu kubwa ya madhara hutokana na mapambano yenyewe. Ndipo matumaini yakahamia kwenye kuvu wa kriptokokasi, anayewaua watu wengi wenye VVU. Jaribio lililofanywa katika nchi sita, Uganda na Malawi zikiwamo, lilisimamishwa mapema na kuchapishwa mwaka 2016: waliopewa deksamethasoni walipata ulemavu na matatizo zaidi, na kuvu wao walipungua polepole zaidi. Kinga ya wagonjwa hao ilikuwa tayari imenyong'onyea, na dawa ilichukua kidogo kilichosalia.

Kuirudisha kinga haraka nako kuna hatari yake. Mgonjwa mwenye kuvu ubongoni akianzishiwa dawa za VVU mara moja, seli T hurudi kwa wingi na kumkuta adui angali amejaa, na inflamesheni inayofuata ndani ya fuvu lisilotanuka inaweza kumuua. Watafiti wa Kampala, Mbarara na Cape Town waliwagawa wagonjwa 177 katika makundi mawili, moja likaanza dawa za VVU ndani ya juma 1 hadi 2, jingine baada ya takriban majuma 5. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika majuma 26 walikufa asilimia 45 ya kundi la kwanza na asilimia 30 ya kundi la pili. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kuvu wapigwe kwanza, maji ya uti wa mgongo yatolewe kila shinikizo linapopanda, na dawa za VVU zingoje majuma 4 hadi 6.